Geji ya Tabo: Mshale, Umeme au Simu? Nilivyozipima Tatu kwa Pamoja Malindi

Alfajiri moja nilitoka Ngomeni na masanduku ya samaki nyuma, barafu bado haijaanza kudondoka maji. Nilipoikamata lami ya Gongoni nikatia gia ya nne na kukanyaga mafuta mpaka chini. Kijana wangu wa mizigo nilimpa kazi moja tu, asome geji za presha ya tabo, ile pampu inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini. Geji ya mshale ilisema 13. Geji ya umeme iliyo kando yake ilisema 19. Simu, iliyokuwa ikisoma kompyuta ya gari kwa Bluetooth, ilisema 31. Zote kwa psi, kipimo cha presha, zote katika pikapu moja ya dizeli, sekunde ileile.

"Sasa mzee, tushike ipi?" akaniuliza.

"Bado hata moja," nikamjibu, na nilimaanisha.

Hakuna mtu anayehitaji geji tatu. Mimi nilifika huko kwa sababu kila niliyonunua sikuiamini, nikaongeza nyingine iwe shahidi. Ikanichukua majuma kadhaa kuelewa kwamba kila moja ilikuwa na sababu yake ya kusema ilichosema, na kwamba sababu hizo hazifanani hata kidogo. Ndiyo maana sitazilinganisha kwa urembo wa uso wala rangi ya taa zake. Swali langu kwa kila moja ni hili: ikianza kukudanganya, je, utaugundua uongo wake wewe mwenyewe, hapa pwani, kwa vifaa vinavyopatikana hapa?

Anza na sifuri

Washa swichi bila kuwasha injini. Wakati huo hewa iliyo ndani ya manifoldi (bomba linalogawia silinda hewa) na hewa uliyosimama nayo nje ni moja. Geji ya mshale na geji ya umeme ya kawaida zinatakiwa zisome sifuri. Simu ikisoma presha ya manifoldi kutoka kwenye kompyuta, inatakiwa isome 100 au 101 kPa (kipimo kingine cha presha, psi moja ni kama kPa 6.9), kwa sababu Malindi tuko usawa wa bahari na hewa yenyewe inatukandamiza kwa kiasi hicho, yaani psi 14.7.

Hapo pekee patakutatulia nusu ya ugomvi. Ile 31 ya simu haikuwa uongo. Kompyuta ya gari ilikuwa imepima kPa 215, presha yote kwa jumla, ya tabo pamoja na ya hewa ya Mungu tuliyomo. Programu ikaigeuza psi bila kutoa kitu. Toa 101 kwenye 215 unabaki na 114, na 114 ukiigawa kwa 6.9 unapata psi 16.5. Hiyo ndiyo kazi halisi ya tabo. Nimewaona watu wawili hapa mjini walioshusha tabo nzima chini kwa kuogopa namba kama ile 31, na tabo zao hazikuwa na ubaya wowote.

Angalia vilevile maandishi ya uso wa geji. Geji nyingi zilizokuja na magari ya Japani zimeandikwa "×100 kPa" au kg/cm². Moja ya hapo ni kama psi 14. Mtu aliyezoea psi akiona mshale kwenye 1 anadhani tabo imekufa.

Geji ya mshale

Ndani ya geji hii kuna kijibomba cha shaba kilichopinda kama mundu. Hewa ikiingia, kijibomba kinajaribu kujinyoosha, na huko kujinyoosha ndiko kunakouvuta mshale. Mfaransa Eugène Bourdon alikiandikisha mwaka 1849 na hadi leo hakijabadilika sana. Hakitaki umeme, hakijui kompyuta. Kinachokilisha ni mpira mwembamba unaotoka kwenye injini, unapenya ukuta wa bati na kuingia chumba cha dereva.

Kwa hiyo geji hii ikidanganya, mshukiwa wa kwanza ni mpira. Lakini mimi sikutaka kushuku tu, nilitaka kujua kama kosa liko kwenye geji au kwenye njia inayoilisha. Nikaing'oa kwenye dashibodi na kuipeleka kwa mnazi.

Hili nalieleza kwa urefu kwa sababu sijaona kipimo kingine cha rahisi na cha kweli kama hiki. Mafundi wa ujenzi wana mpira mwembamba unaopitisha macho, wa kupimia levo kwa maji. Nikaazima mmoja mrefu. Nikaujaza maji ya kisima, ncha moja nikaifunga kwenye geji na kuacha hewa kama mita mbili kati ya maji na geji ili maji yasiingie ndani yake. Geji nikaitundika kwenye msumari usawa wa kifua, mpira ukashuka hadi chini ukapinda, na ncha ya pili nikampa mkwezi aliyekuwa anaangua madafu kwa jirani. Akaifunga kiunoni akapanda nayo.

"Nipande tena, kaka?"

"Panda. Panda. Hapo, simama."

Maji yana hesabu isiyobadilika: kila sentimita 70 za kimo ni psi 1, hivyo mita 7 ni psi 10. Kinachopimwa ni tofauti ya kimo kati ya uso wa maji ulioko juu na uso wa maji ulioko upande wa geji. Urefu wa mpira wenyewe hauhusiani. Ule uso wa chini utapanda kidogo hewa inapobanwa, basi upime baada ya kutulia. Tukanyoosha futi ya kamba, mita 7 na vidole viwili. Mshale ulisimama juu ya 10, umetulia kama umechorwa. Tumia maji matamu. Ya bahari ni mazito kwa karibu asilimia 2.5, na kwa kipimo cha namna hii hakuna haja ya kujiongezea kosa. Anayeogopa kupandisha mtu mnazini atumie roshani ya nyumba ya ghorofa, maji hayachagui.

Basi geji ilikuwa salama, na 13 yangu ilitoka njiani. Nilipoufuata mpira kwa vidole nikakuta pale unapopenya ukuta wa bati hakuna kile kipete cha mpira cha kuzuia mkwaruzo. Bati lilikuwa limeusugua mpaka ukatoboka, tundu la sindano. Nilijiuliza tundu dogo vile linawezaje kula psi tatu na nusu, maana tabo inasukuma hewa nyingi kuliko linavyovuja. Jibu lilikuwa upande wa pili, kwenye kiungo cha T ambako mpira unaanzia injini. Fundi aliyeifunga alikuwa ameweka kizuizi chenye tundu jembamba ili mshale usitetemeke. Kizuizi hicho ni kizuri, na mshale usio nacho hucheza kama mkia wa mbuzi kwa mapigo ya injini. Lakini kikiwepo, hewa inaingia kwenye mpira kidogo kidogo, na ikikuta pa kutokea hata padogo, presha inayofika kwenye geji inashuka. Bila kizuizi tundu lile lisingeonekana kabisa kwenye namba. Mpira mpya wa mita mbili, kipete cha mpira pale kwenye bati, na mshale ukapanda hadi 16 na kitu.

Mengine ya geji hii nitayapitia haraka. Mshale unaopanda kwa uvivu na kushuka kwa uvivu ni mpira uliokunjika au kizuizi kilichozibwa na mafuta na masizi. Geji iliyojazwa mafuta kwenye kioo chake, ukiegesha gari juani saa saba mchana pale sokoni, joto linavimbisha mafuta na kukandamiza kijibomba kutoka nje, nayo inasoma chini ya ukweli. Nyingi zina kizibo kidogo cha kupumulia juu yake, kifungue kisha ukirudishe. Na zile zenye kijipini kwenye sifuri nazichukia waziwazi: mshale ukiegemea pini huwezi kujua kama umekaa sifuri au ungeshuka zaidi kama pini isingekuwepo. Nunua isiyo na pini ukiipata.

Geji ya umeme

Hapa mpira ni mfupi au haupo. Sensa inakaa karibu na injini, inageuza presha kuwa volti, na waya tatu zinapeleka habari ndani: volti 5 za kuilisha, athi (njia ya umeme kurudi hasi ya betri), na waya wa jibu. Sensa nyingi hujibu volti 0.5 kwa sifuri na 4.5 kwa mwisho wa kipimo. Yangu mwisho wake ni psi 30, kwa hiyo kila volti moja ni psi 7.5. Shika hesabu hiyo, ndiyo iliyonionyesha kosa.

Uzuri wake ni mwingi. Inasoma haraka, haina mpira wa kuingia ndani ya gari, na nyingi zinakumbuka namba ya juu kabisa iliyofikiwa, kwa hiyo huhitaji kuondoa macho barabarani. Hilo la mwisho lina maana sana kwa anayeendesha peke yake.

Lakini ilisema 19 wakati ukweli ni 16.5, na jambo lililonisumbua ni kwamba mchana ilikuwa karibu na 17. Alfajiri inapanda, mchana inashuka. Nikafikiri baridi, nikafikiri umande. Mpaka jioni moja nimeegesha Barani, swichi imewashwa na injini imezimwa, nikawasha taa kubwa kutafuta kitu barabarani. Namba kwenye geji ikaruka kutoka 0.4 hadi 2.6. Nikazima, ikarudi. Nikawasha tena, ikaruka.

Aliyeifunga alikuwa amekata waya wa athi ya sensa na kuubana kwenye bolti ileile ya athi ya taa za mbele. Bolti ile imekula chumvi ya bahari miaka, ina kutu ya rangi ya mchanga wa Sabaki. Taa mbili za balbu za kawaida zinavuta kama ampea 10. Zikipita kwenye bolti yenye kutu, zinaacha volti kidogo njiani. Nikaweka mita ya umeme, ncha moja kwenye bolti na nyingine kwenye hasi ya betri, taa zikiwa zimewaka: volti 0.35. Mara 7.5, inakuwa psi 2.6. Sensa ilikuwa inapima sawasawa, ila ilikuwa imesimama juu ya ngazi bila kujua.

Tiba yake ilikuwa waya mmoja: athi ya sensa nikairudisha kwenye kisanduku cha geji yenyewe, kama karatasi yake ya maelekezo ilivyosema tangu mwanzo. Namba ikakaa sifuri, taa ziwake zisiwake, na barabarani ikasema 16.6.

Kwa mtu wa pwani hii ndiyo tofauti kubwa kati ya geji hizi mbili, na naiona nzito kuliko bei. Upepo wa chumvi hauna habari na mpira wa hewa. Waya unautafuta. Ukifungua soketi ya sensa ukakuta unga wa kijani kwenye meno yake, hapo ndipo namba zinaporukaruka bila sababu. Pima kwanza volti 5 za kuilisha, kisha athi kama nilivyoeleza (ikizidi volti 0.1 ina neno), ndipo uilaumu sensa. Sensa mpya ni ghali, na mara nyingi unaambiwa uinunue na mtu asiyefungua hata soketi.

Simu

Kidude cha kuchomeka chini ya usukani, wengi wanakiita kwa jina la ELM327, kinauzwa kwa bei ya kilo mbili tatu za nguru. Kinasoma sensa ambayo gari lilizaliwa nayo. Hilo ni jambo kubwa, kwani namba unayoiona ndiyo kompyuta inayoitumia kupima mafuta. Hakuna kutoboa bati, hakuna mpira.

Mipaka yake uijue kabla hujalipa. Namba ya presha ya manifoldi kwa njia ya kawaida haizidi 255 kPa. Kwetu hapa hiyo ni psi 22 za tabo. Gari linalopita hapo simu itaganda kwenye 255 nawe utadhani tabo imetulia. Pili, kasi. Ukiiomba presha, joto la maji, mizunguko na mengine sita kwa pamoja, kila kimoja kinasubiri zamu, na kilele cha presha kinapita kabla zamu yake haijafika. Weka presha peke yake. Tatu, magari mengi ya zamani kutoka Japani hayajui lugha ya pamoja ambayo kidude hiki huitumia kuongea na kompyuta ya gari, kidude kinawaka taa na simu haipati kitu. Jaribu cha mtu kwanza.

Na kuna la safari ya Nairobi. Tofauti na yangu, kuna programu zinazotoa 101 bila kuuliza. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na hewa yake ni kama kPa 82. Ukifika huko simu itakuonyesha hasi psi 2.8 gari likiwa limezimwa, na namba zote za tabo zitapungua kwa kiasi hichohicho. Kama programu yako inaweza kusoma presha ya hewa ya nje kutoka kwenye gari na kuitoa hiyo, ichague hiyo. Mshale wenye tundu la kupumulia hauna shida hii, unajilinganisha na hewa uliyomo popote uendapo.

Jambo moja simu haiwezi kukuambia: kama sensa ya gari yenyewe imezibwa. Dizeli zinazorudisha moshi kwenye manifoldi hupaka sensa masizi mazito kama lami. Hapo simu na kompyuta zinakosea pamoja, zinakubaliana kabisa, na gari halivuti. Ifungue, isafishe kwa dawa ya kupuliza ya vifaa vya umeme, usiichokoe kwa msumari.

Zote zikikubaliana kwamba presha ni ndogo

Basi geji zinasema kweli. Sikiliza mluzi au mfoko wa hewa chini ya boneti mafuta yakikanyagwa, angalia moshi mweusi, pitisha mkono kwenye mipira minene ya intakula (kipoza hewa ya tabo) hasa upande wa chini ambako hupasuka bila kuonekana. Mahali palipo na mafuta na vumbi jingi kuliko pengine ndipo panapovuja. Kinyume chake, gari likivuta vizuri na mshale umelala sifuri, acha tabo, rudi kwenye mpira wa geji.

Ningemwambia nani anunue nini

Mwenye dizeli ya zamani yenye pampu isiyo na kompyuta, na wenye malori ya chumvi ya Gongoni na Marereni, wachukue mshale bila kufikiri mara mbili. Vivyo hivyo anayepeleka mzigo hadi Mokowe, maana ukiharibikiwa katikati ya Garsen na Witu, fundi wa umeme wa gari humpati kirahisi lakini mpira wa mita mbili na kisu cha kukatia vinakaa chini ya kiti. Chagua uso unaofika psi 30 au 35. Zile za 60 zinaonekana za kazi ngumu, ila geji yenye kosa la asilimia 2.5 ya uso wake wote, kwa 60 inakosea psi moja na nusu popote ulipo. Kwa dizeli pia usilipie uso wenye upande wa vakyumu (presha iliyo chini ya hewa ya nje), nusu ya uso haitatumika. T ifungwe baada ya intakula, kwenye manifoldi, wala isigawane mpira na kifaa kinachoongoza presha ya tabo.

Wenye petroli yenye tabo, zile Subaru zinazopita Casuarina jioni, vakyumu wanaihitaji, inawaonyesha hali ya injini ikiwa sailensi, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta. Hao naona geji ya umeme inawafaa, kwa kasi yake na kumbukumbu ya kilele, mradi athi ifungwe na mtu anayesoma karatasi ya maelekezo. Wakiamua mshale, T ikae baada ya kile kifuniko cha hewa kinachofunguliwa na pedali ya mafuta, vinginevyo vakyumu haitaonekana.

Mwenye dizeli ya miaka hii ambaye gari lake halina tatizo na anataka tu kujua, aanze na simu. Asitoboe gari kwa udadisi.

Mimi geji ya umeme nimeitoa, nikampa binamu yangu wa Mambrui mwenye petroli. Nimebaki na mshale kwenye dashibodi, na kidude cha simu ndani ya droo. Juma lililopita tulipita tena Gongoni alfajiri, gia ya nne, mzigo uleule. Mshale ulikaa nusu ya njia kati ya 16 na 17. Kijana akashika simu, akaitazama kimya, midomo ikitembea.

"Mia mbili na kumi na nne, mzee. Toa mia moja na moja..." Akahesabu mpaka tunaliona daraja la Sabaki. "Kumi na sita na nusu, kasoro kidogo."